Mpango wa Akai Uliofungiwa Kabatini

Wiki tatu baada ya kunikabidhi saa ya ukutani na mashuka mawili ya kuniaga nilipostaafu, wenzangu wa wodi ya wazazi mjini Lodwar waliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu miaka yangu ya ukunga. Msimamizi wa wauguzi alisisitiza kwamba ziwe kurasa za kuwatia moyo wanaoanza kazi. Nimejaribu mara nne. Kila mara nilianza na jambo la kutia moyo, kila mara kalamu ikaelekea kwa Akai, na nilipofika kwa Akai mwandiko wangu, ambao mnaujua kwa unadhifu wake, ukawa hausomeki. Nimeacha kujizuia. Sitaeleza vyeo nilivyopewa wala nilivyonyimwa. Nitaeleza jinsi nilivyojifunza kumpangia mama mwenye mimba ya mapacha azae kwa njia ya kawaida, na jinsi mpango bora kuliko yote niliyowahi kuandika ulivyokaa ndani ya kabati la chuma siku ulipohitajika.

Nilianza kazi katika zahanati moja upande wa Lorugum, yenye vyumba viwili na kitanda cha kujifungulia kilichotoka ng'ambo. Kitanda hicho kilikuwa kirefu mno kwenda juu. Mimi ni Mturkana, miguu yangu si mifupi, na bado nilihitaji kukanyaga kiti ili nikipande. Mama wa kwanza niliyempokea alikitazama, akanitazama mimi, akatandika ngozi yake sakafuni, akapiga magoti, akamshika dada yake kiunoni na kumzaa mtoto wa kike mwenye afya wakati mimi bado natafuta skrubu za vyuma vya kuwekea miguu. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba mama huzaa akiwa amelala chali. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba mama zetu hupiga magoti, ingawa mama yangu mwenyewe alinizaa hivyo hivyo na ningeweza kumuuliza. Nilipofungua daftari la wazazi nijaze safu ya maelezo, niliandika: "Mama alikataa kitanda." Sikuona kosa. Sentensi ilikuwa fupi, ilikuwa sahihi kisarufi, na ilinitoa mimi lawamani. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba sifa hiyo ya tatu ndiyo inayoipa sentensi hiyo umri mrefu katika hospitali zetu.

Mwaka wa pili nilihamishiwa Lodwar, nikakabidhiwa kwa Mama Napeyok, mkunga mzee aliyekuwa na cheti cha daraja la chini kuliko changu, na mikono ya daraja ambalo bado halijatungiwa cheti. Chombo chake kikuu kilikuwa pembe ya bati ya kusikilizia moyo wa mtoto, ndogo kama tarumbeta ya kuchezea, iliyobonyea upande mmoja. Ndiye aliyenifundisha mapacha. Alinifundisha kutafuta mioyo miwili na kusikiliza kila mmoja kwa muda mrefu, hadi nipate hakika kwamba haipigi pamoja na kwamba sisikii moyo mmoja kutoka pande mbili.

Lakini zaidi ya pembe alinifundisha kiganja. Mtoto akishatoka, sisi wakunga humdunga mama sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ili asipoteze damu nyingi. Sindano hiyo imeokoa akina mama wengi, nami sitaki mtu yeyote anisome vibaya. Hata hivyo, mfuko ukikazwa ilhali pacha wa pili bado yumo, humbana aliye ndani na kumnyima hewa. Kwa hiyo kiganja hutangulia tumboni, na sindano hufuata. Siku moja Mama Napeyok aliniona nimeinua sindano huku mkono wangu wa kushoto ukiwa mfukoni mwa koti.

"Unamdunga nani?" aliniuliza.

"Ninamdunga mama, Mama Napeyok."

"Na aliyebaki ndani, umemuaga?"

Siku hiyo ndani hakukuwa na mtu. Alinifanya niweke kiganja hata hivyo, nikae nacho hadi chai yake ikapoa, kisha akanilaumu kwa kumpozea chai.

Ikaja miaka ya Kakuma, katika kliniki iliyopokea wenyeji na wakimbizi katika foleni moja. Huko nilijifunza kusema "sukuma" na "usisukume" kwa lugha sita. La pili ndilo gumu, na likikosekana mama huchanika. Huko pia nilikuta kanuni ambayo haikuandikwa popote: mimba ya mapacha ni Lodwar, na Lodwar ni kisu. Mama aliyeonekana kwenye skani kuwa na watoto wawili aliandikiwa barua, akapandishwa gari la wagonjwa, na njia nzima hakuelezwa lolote. Naomba mnielewe kwa usahihi. Wapo mapacha wasioweza kuzaliwa salama bila upasuaji, na kwao kisu ni rehema. Lakini ikiwa kila mtoto ana mfuko wake wa maji, wa kwanza ametanguliza kichwa, shinikizo la damu la mama liko sawa, na chumba cha upasuaji kiko hatua chache kutoka hapo, basi kuzaa kwa njia ya kawaida ni jambo linaloweza kupangwa. Neno lenye uzito hapo ni kupangwa. Akina mama waliosikia habari ya kisu bila kusikia sababu yake walisema wanakwenda haja mara gari liliposimama, wakapotea porini pamoja na mimba zao. Kwenye faili tuliandika: "Mama alikataa rufaa."

Nilikuwa na miaka hamsini na minne nilipokwenda Eldoret kusomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu ulinilazimu kusoma faili za akina mama wa mapacha, moja baada ya nyingine, katika chumba chenye feni iliyofanya kazi pale ilipotaka yenyewe. Nilikuwa natafuta sababu za watoto wa pili kufa. Nilichokikuta ni neno. Alikataa kulala chali, alikataa rufaa, alikataa kutia sahihi, alikataa kushirikiana. Baadhi ya faili hizo zilikuwa na mwandiko wangu. Mama mmoja nilimkumbuka sura na sauti: alikuwa ameniuliza mbuzi wake watanyweshwa na nani iwapo atalazwa wiki mbili. Lilikuwa swali. Mimi nilikuwa nimeandika alikataa. Nilirudi nyumbani na shahada, pamoja na maradhi mapya: siwezi tena kuandika sentensi kabla ya kuizungusha mara kumi nikitafuta ni nani atakayeumia ndani yake. Mwalimu aliyenisimamia aliita hali hiyo ukomavu wa kitaaluma. Mimi huiita kutetemeka.

Katika mwaka wangu wa mwisho nilikuwa nikitoka Lodwar mara moja kwa mwezi kwenda kusaidia kliniki ya Kakuma, na huko ndiko nilikompata Akai. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Boma lao liko upande wa Kalobeyei, mbali na barabara. Alikuwa amezaa watoto wawili nyumbani, kwa magoti, bila tatizo. Sasa skani ilionyesha wawili kwa mpigo. Aliandamana na mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Ata, yaani nyanya. Ata alikaa sakafuni ingawa kiti kilikuwepo, akatafuna tumbaku yake na kunitazama kama mtu anayepima mbuzi wa jirani.

"Ejok, Ata," nilimsalimu.

"Ejok. Sema ya huyo kwanza."

"Ni wawili," nilimwambia Akai kwa Kiturkana. "Kila mmoja na nyumba yake, na wa kwanza ametanguliza kichwa."

"Nilijua. Mtoto mmoja hawezi kunipiga teke pande mbili."

"Hapa watakuambia uende Lodwar."

"Na Lodwar wataniambia kisu." Alivuta leso yake mabegani. "Dada yangu alipasuliwa. Aliambiwa asibebe maji, asipakie punda, asijenge nyumba. Nikamuuliza muuguzi, 'Na nyumba atajenga nani?' Akacheka. Watu walihama, dada yangu akajenga, kidonda kikafunguka. Sista, mimi sikatai kisu. Mtoto akiwa anakufa, nipasueni. Ninachotaka ni mtu aniambie anakufa kabla hajaanza kunoa."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu ridhaa ya mgonjwa. Hakuna ukurasa ulionieleza jambo hilo vizuri kuliko hivyo.

"Na magoti?" Ata aliuliza kutoka sakafuni. "Magoti yake si mali ya hospitali."

Nilirudi Lodwar kuongea na Daktari Barasa, kijana mwangalifu aliyesimamia upasuaji wa wazazi.

"Sista, mapacha huwa tunapasua," alisema. "Ndiyo desturi ya hapa."

"Desturi ya nani, daktari? Mimi niko hapa tangu hujaanza darasa la kwanza."

"Sitaki kuwa mimi niliyempoteza pacha wa pili."

"Hiyo ni hofu. Naiheshimu. Tuitungie kipengele."

Alicheka, tukaketi. Tuliandika vipengele tisa. Akai angehamia katika nyumba ya kungojea, iliyo ndani ya uwanja wa hospitali, wiki mbili kabla ya siku zake. Uchungu ukianza, angewekewa mrija mshipani na kuzaa kwa magoti kwenye godoro sakafuni. Mtoto wa kwanza akitoka, kiganja kingetangulia, na sindano isingeguswa hadi wa pili awe nje. Wa pili angesubiriwa maadamu moyo wake unakwenda vizuri, hata akitanguliza makalio, huku daktari na watu wa upasuaji wakiwa tayari. Moyo ukianguka, damu ikizidi au uchungu ukikoma, Akai angepasuliwa, na angeelezwa sababu kwa Kiturkana kabla ya kutia kidole kwenye karatasi ya ridhaa. Kipengele cha tisa kilikuwa nambari yangu ya simu, ya kupigwa siku yoyote na saa yoyote. Niliuandika mpango huo kwa Kiingereza, kwa sababu ofisi zetu haziamini maneno yaliyoandikwa kwa lugha ya mgonjwa. Daktari akatia sahihi, mimi nikatia sahihi, Akai akatia kidole gumba. Nikaubana kwa pini mbili ndani ya faili lake, kama kanuni zinavyotaka, na nikajiona mtu aliyefanya kazi.

Akai alipohamia nyumba ya kungojea, nilimsomea mpango huo kwa Kiturkana jioni tatu mfululizo, yeye na Ata. Ata hajui kusoma. Aliurudia kwa kukunja vidole, na jioni ya tatu alinikatiza: "Umeruka cha nne." Nilikuwa nimeruka cha nne.

Kosa langu naliandika polepole, ili mlielewe na msilirudie. Faili la mama ambaye bado hajalazwa halikai wodini. Hukaa katika ofisi ya rekodi, ndani ya kabati la chuma, na ufunguo wa kabati hilo hauji kazini siku ya Jumamosi. Nililijua jambo hilo kwa miaka yote niliyofanya kazi hapo. Nilikuwa nimefikiria kamba ya kitovu kutangulia mtoto, damu kukosekana, umeme kukatika na dizeli ya jenereta kuisha. Nilikuwa nimefikiria hata uwezekano wa daktari kuharisha. Sikufikiria Jumamosi. Simu yangu ilikuwa imejaa chaji siku zote, nayo haikulia, kwa sababu nambari yake ilikuwa katika kipengele cha tisa cha karatasi iliyofungiwa.

Jumamosi hiyo, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa uani nikichagua maharage, pikipiki ikasimama langoni. Ata, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupanda chombo hicho, alikuwa nyuma ya mwendeshaji.

"Sista, mwambie shosho aachilie shati yangu," mwendeshaji alisema. "Amenishika toka hospitali utadhani nimemwibia."

Ata hakuiachilia. "Cha kwanza, sawa, tuko hospitali," aliniambia akikunja kidole cha mkono mwingine. "Cha pili, hapana. Cha tatu, hapana. Wamemfunga kitandani, miguu juu. Wanasema hakuna karatasi. Daktari anaitwa aje apasue. Panda."

Tulipanda wawili nyuma ya mtu mmoja, jambo ambalo nimewakanya wajawazito kulifanya kwa muda wote wa utumishi wangu.

Zamu ilikuwa ya Esther, mmoja wa wakunga hodari niliowalea. Neno la Ata kwamba Akai alifungwa halikuwa sahihi kabisa. Hakukuwa na kamba. Alikuwa chali, miguu imewekwa katika vyuma, na msaidizi mmoja amemkandamiza bega. Sijui kama tofauti hiyo inastahili kutetewa, na nimeifikiria sana. Mtoto wa kwanza, msichana, alikuwa ametoka wakati huo huo, analia kwa nguvu. Na Esther alikuwa ameinama juu ya paja la Akai, sindano mkononi.

Hapa nalazimika kusimama nijieleze, kwa maana sindano ile ilikuwa yangu. Nilimfundisha Esther kwa saa. Mtoto akitoka, nilihesabu, na sindano ilitakiwa iwe imeingia kabla ya dakika moja kwisha. Alikuwa mwepesi kuliko wote, nikamsifu mbele ya wenzake. Kiganja nacho nilimfundisha, lakini kiganja nilikifundisha kwa maneno, dakika nikaipima. Mwanafunzi hushika kile kilichopimwa.

"Esther," nilisema, "unamdunga nani?"

Alinitazama, akalitazama tumbo. Sindano ikabaki hewani. Alijua kwamba ni mapacha. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia daktari simu na kusema mapacha. Baadaye aliniambia, akilia, kwamba kichwa chake kilijua na mkono wake haukujua. Namwamini. Ndiyo sababu ninawaandikia ninyi, wenye mikono iliyofunzwa vizuri.

Aliiweka sindano chini. "Sikupata faili, Sista. Yeye anasema mpango uko kwenye karatasi, na karatasi haipo. Ningefanya nini?"

"Ungemuuliza. Anaujua wote."

"Alisema apige magoti. Sista, kila mama husema apige magoti."

"Basi kila mama amekuambia."

Niliweka kiganja. Pacha wa pili alikuwa amekingama, kichwa kwenye ubavu wa kushoto wa mama. Nilimwelekeza taratibu kwa nje, kwa mikono miwili, kama Mama Napeyok alivyonionyesha, hadi makalio yake yakashuka kwenye nyonga. Tukatandika godoro. Akai akashuka kutoka kile kitanda bila kusaidiwa, akapiga magoti, akamkumbatia Ata kiunoni. Daktari Barasa aliingia akisukuma machela, kofia ya upasuaji kichwani, akasimama ghafla.

"Dakika ngapi tangu wa kwanza?"

"Kumi na moja. Moyo mia moja thelathini na nane."

"Amekaaje?"

"Makalio chini."

"Afadhali tungempasua."

"Sababu, daktari? Nitamtafsiria."

Hakuwa nayo, na kwa heshima yake ninaandika kwamba hakuitunga. Alichuchumaa karibu na godoro. "Mwambie moyo wa mtoto uko sawa. Ukianguka nitamwambia, na nitampasua."

Nilitafsiri. Akai, paji la uso likiwa kwenye tumbo la Ata, alijibu kwa pumzi fupi.

"Anasema asante," nilimwambia daktari, "na sasa unyamaze."

Dakika ya kumi na saba moyo ulishuka hadi tisini. Akai aliuona uso wangu.

"Anakufa?" aliuliza.

"Bado. Tunasikiliza."

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Moyo wake usipopanda, tunakwenda na machela. Nyanyuka kidogo kwenye magoti."

Alijinyanyua. Daktari alikuwa ameshika mpini wa machela. Nilihesabu mapigo, nikahesabu tena kwa kuwa sikuiamini hesabu ya kwanza. Mia moja na kumi. Mia moja ishirini na sita. Dakika ya ishirini na moja makalio yakatoka, kisha miguu, kisha mikono mmoja mmoja. Sikuvuta, nilipokea tu, na kichwa kikafuata. Alikuwa mvulana, amelegea, rangi ya jivu. Esther alimchukua, akamfuta, akampulizia hewa kwa mfuko, na mikono ile ile niliyotaka kuichukia dakika ishirini zilizopita ilifanya kazi bila kosa. Mtoto alikohoa, kisha akalia kwa ghadhabu ambayo hadi leo naiona ya haki. Esther akarudi kwa Akai, akaweka kiganja tumboni, akakaa nacho muda mrefu, ndipo akadunga.

Ningependa kuishia hapo. Msimamizi wa wauguzi naye, nina hakika, angependa niishie hapo.

Lakini nilipokwenda kuandika ripoti, nilikuta karatasi iliyoanza kujazwa kabla sijafika. Ilisomeka: "Mama alikataa kulala chali. Alikataa upasuaji. Hashirikiani." Na Jumatatu asubuhi kikao kiliitishwa kujadili kile kilichoitwa tukio la hatari. Mwenyekiti alisoma karatasi hiyo kwa sauti, kisha akapendekeza kwamba kuanzia siku hiyo kila mimba ya mapacha ipasuliwe, pasipo mjadala, kwa kuwa tumeponea chupuchupu.

Nilieleza kwamba hatari zilikuwa mbili, nazo ni sindano na kabati. Nilieleza kwamba Akai hakuzaa kinyume cha mpango. Alizaa salama mara tu mpango ulipofuatwa. Nilieleza kwa mpangilio, bila kupaza sauti, na kila nilichosema kiliandikwa katika kumbukumbu za kikao kama "maoni". Mwenyekiti akanitabasamia.

"Sista, mwezi ujao unapumzika. Kwa nini uondoke na ugomvi?"

Katika miaka yote ya kazi nimemwagiwa damu, nimetapikiwa na nimeumwa kidole na mama wa Lokori ambaye tulipatana baadaye. Hakuna lililonikasirisha kama tabasamu lile. Nilitoka kikaoni. Akai alikuwa bado wodini, upande wa pili wa korido. Nikarudi naye akiwa amembeba msichana, na Ata akiwa amembeba mvulana.

"Wagonjwa hawaingii kwenye kikao," mwenyekiti alisema.

"Si mgonjwa. Amezaa. Mwulize."

Mwenyekiti aliona kila mtu anamtazama, akauliza kwa upole, nami nikatafsiri. "Mama, kwa nini ulikataa?"

Akai alifikiri. "Sikukataa. Niliuliza. Niliuliza mara tatu karatasi yangu iko wapi." Akawazungushia macho waliokaa mezani. "Mwenye ufunguo yuko hapa?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Mkuu wa rekodi alianza kusoma kitu kwenye simu yake. Ata, ambaye hakuulizwa, alikaa sakafuni na kuanza kukunja vidole, akataja kipengele kimoja baada ya kingine, na baada ya kila kimoja akasema kama kilifuatwa au hakikufuatwa. Hakuruka cha nne. Mwenyekiti aliwashukuru kwa mchango wao, akawapongeza kwa watoto, na walipotoka azimio likapitishwa. Daktari Barasa alisema hatatia sahihi kwa sababu hajaonyeshwa sababu. Wengine walitia. Azimio hilo mnalijua: limetundikwa ukutani ndani ya plastiki, juu ya meza ya wodi, na kila asubuhi mnapita chini yake. Sasa mnajua limezaliwa na nini. Ninyi mnaobaki ndio mtakaolipinga, na nawaomba mlipinge kwa kumbukumbu safi na viganja vyepesi, kwa maana hasira peke yake, nimejionea, huandikwa kama maoni.

Siku ya Akai kuruhusiwa nilimsindikiza hadi ofisi ya rekodi kufunga faili. Ilikuwa Jumatano, ufunguo ulikuwepo. Karani alilifungua faili juu ya kaunta, na mpango wetu ukawa hapo, msafi, haujaguswa na mkono wa mtu.

"Ile ndiyo karatasi yangu?" Akai aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Hiki ndicho kidole changu." Aliugusa wino wa alama yake. "Mbona inabaki huku na mimi naenda?"

Nilimtafsiria karani. Karani, mtu mwema, alisema kwamba kilichomo ndani ya faili ni mali ya hospitali.

"Mwambie mimba ijayo nitakuja nayo mwenyewe," Akai alisema. "Mke mwenzangu akiwa na wawili, atakuja nayo yeye. Sitaki ilale tena kabatini."

Nilizing'oa pini mbili kwa kucha, mbele ya karani, ambaye alipata haja ya ghafla ya kutazama dirishani. Akai aliikunja karatasi mara nne na kuifunga ndani ya leso, mgongoni kwa msichana. Wakaenda kutafuta gari la Kakuma.

Faili lake, mkilihitaji kwa ukaguzi, lina matundu manne madogo pale pini zilipokuwa. Msiandike kwamba ukurasa umepotea. Andikeni kwamba uko kwa mwenyewe.